Kamati ya Mazishi Yangu na Mashine ya Pumzi

Kazi ya ukaguzi wa shule, niliyoifanya hadi nikastaafu, ilinifundisha kulichukia neno "inasemekana". Mwalimu mkuu akiniambia kwamba inasemekana watoto wanakunywa uji kila siku, nilikwenda jikoni nikagusa mafiga. Mafiga yakiwa baridi, uji huo ulikuwa wa maneno. Kwa kanuni hiyohiyo nilikataa, kwa miaka mingi, kukubali kwamba nakoroma. Mke wangu alisema nakoroma. Watoto wetu walisema hivyo kabla hawajahama, na nahisi wawili kati yao waliharakisha kuhama kwa sababu hiyo. Mgeni mmoja kutoka Singida, tuliyempa chumba cha pili kutoka chetu, aliaga alfajiri akidai amekumbuka jambo. Zote hizo zilikuwa taarifa za watu wengine kuhusu tukio ambalo mimi, mhusika mkuu, sikupata kulishuhudia hata mara moja.

Nyakati nazo zilinitetea. Zamani za foleni ya sukari na vibali vya saruji, mtu mnene Arusha alikuwa ama meneja wa duka la ushirika ama mgonjwa. Milango ya biashara ilipofunguliwa, unene ukawa cheti. Kitambi kilitangulia kuingia mlangoni, mwenyewe akafuata, na wote wawili wakapewa kiti. Mimi nilikipata changu baada ya kuhamia Njiro, katika nyumba yenye ukuta na geti, na nilikibeba kwa heshima kama watu wanavyobeba shahada ambayo hawakuisomea. Hata kukoroma kulikuwa na hadhi yake. Watu wetu wa Kilimanjaro waliofanya biashara mjini walikuwa na usemi kwamba maskini hulala kimya kwa sababu hana cha kutangaza.

Tatizo lilikuwa kwamba nilianza kulala mahali pasipo kitanda. Nilisinzia katika baraza la wazee wa kanisa tulipokuwa tukijadili paa. Nilisinzia katika vikao vya harusi, na mara mbili nikaamka nikiwa nimekwisha kuchaguliwa mwenyekiti, kwa kuwa katika vikao vyetu anyamazaye huhesabiwa kuwa ameridhia. Siku moja, nikitokea Elerai mchana kweupe, nilisimamisha gari nyuma ya lori la ndizi lililokuwa likingoja kupinda. Lori lilipinda. Mimi sikupinda. Askari wa trafiki aligonga kioo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Unasali?"

"Nafikiri."

"Basi fikiria pembeni, mzee wangu. Hao walioko nyuma yako wana haraka ya kwenda kufikiri makwao."

Maelezo ya usingizi wangu yaliletwa bila mimi kuyaomba. Jirani yangu wa ukuta wa mashariki, ofisa mstaafu wa kilimo, alisema ni kijicho cha watu walionionea gere kwa sababu ya nyumba. Mdogo wangu, mwenye duka la vipuri vya magari kule Kaloleni, alisema nimepungukiwa supu ya mbuzi. Redio moja mpya ya binafsi ilikuwa ikitangaza unga wa kusafisha damu nzito, na watu watatu wenye akili timamu, mmoja wao akiwa mwalimu wa sayansi, waliniambia kwamba damu yangu bila shaka ni nzito. Nilimwuliza huyo mwalimu amepima kwa chombo gani. Alisema inaonekana usoni.

Kitu pekee kilichokuwa kimepimwa kwa chombo kilikuwa shinikizo la damu, na hilo lilikataa kushuka. Nilikuwa nikimeza vidonge vya aina tatu kwa utaratibu wa kengele ya shule. Daktari wangu, mwanamke wa makamo aliyesomea ng'ambo kisha akarudi kufungua chumba chake mjini, alinifanyia kipimo cha moyo, akautazama mchoro, akanitazama mimi, akautazama tena mchoro.

"Ukuta wa moyo wako umenenepa, mzee," alisema. "Unafanya kazi kupita kiasi. Nataka kujua unaifanya saa ngapi. Mama, naomba nikuulize wewe. Mzee akilala, huwa anafanyaje?"

Mke wangu alikuwa ameketi kando akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Alijibu kama mtu aliyengoja swali hilo kwa muda mrefu mpaka amelikariri jibu.

"Anakoroma. Halafu ananyamaza."

"Ananyamaza kwa muda gani?"

"Sina saa ya ukutani chumbani. Naanza Baba Yetu. Siku nyingine nafika kwenye riziki, anavuta pumzi. Siku nyingine nafika Amina na hajavuta. Hapo ndipo ninapomsukuma."

"Daktari," nilisema, "naomba yasiandikwe hayo. Ni maneno ya kusikia."

"Kusikia kwa nani, mzee? Mama alikuwa macho. Asiyekuwepo ni wewe."

Sikumbuki kama katika miaka yangu ya ukaguzi niliwahi kumnyamazisha mwalimu kwa usafi kama ule. Akaendelea kuuliza kama katika familia kuna aliyekufa ghafla. Nilimwambia kwamba kaka yetu mkubwa alikuwa amefariki miaka tisa kabla, nyumbani kwake mlimani, usingizini, na kwamba kila mtu aliyesimama kaburini alisema kimekuwa kifo chema, amelala kama mtoto mchanga.

"Alikuwa akikoroma?"

Nilianza kueleza kwamba mimi na kaka hatukuwa tukilala chumba kimoja tangu tukiwa vijana. Mke wangu akanikata.

"Alikuwa akisikika nyumba ya tatu."

Daktari alieleza, bila kupaza sauti, jambo ambalo nalirudia hapa kama nilivyolielewa. Mtu wa namna yangu akilala, nyama za koo hulegea na njia ya hewa huziba. Kifua huvuta, mlango umefungwa. Hewa safi katika damu hupungua, ubongo hushtuka na kupiga mbiu, mishipa hujikaza, shinikizo hupanda, moyo hupiga kama aliyefukuzwa na mbwa. Kisha koo hufunguka kwa mkoromo mmoja mkubwa, mtu hakumbuki kuwa alizinduka, na mchezo huanza upya, mara nyingi katika kila saa moja. "Vidonge vyako vinaituliza presha mchana," alisema, "na koo lako linaipandisha tena ukilala. Asubuhi wewe unadhani umepumzika. Moyo wako haujapumzika miaka."

Nilipelekwa Nairobi, ambako nilifungwa nyaya kichwani na kifuani mpaka nikafanana na nguzo ya simu, nikaambiwa nilale kama kawaida. Taarifa iliyotoka ilikuwa na kurasa nne za mistari iliyopanda na kushuka. Niliisoma kama nilivyokuwa nikisoma taarifa za shule zilizofeli, nikitafuta mahali pa kumlaumu mtahini. Sikupaona.

Tiba ilikuwa mashine ya kusukuma hewa. Iliingia nchini kwa njia ambayo vitu vingi vyema vya miaka ile viliingia: mzungu mmoja aliyekuwa amemaliza mkataba wake mjini aliiacha, na daktari akaisafisha, akaibadilishia barakoa na mpira, akaipanga kwa nguvu iliyoandikwa katika taarifa yangu. Tulikuwa tumekwisha kuvaa mashati ya mtumba na kuendesha magari ya mtumba. Sasa nilikuwa napumua kwa mtumba. Kabla sijaichukua niliuliza swali la kikaguzi.

"Itautibu moyo?"

"Itaufungua mlango wa koo," alisema daktari. "Mlango ukiwa wazi, moyo haushtuliwi. Presha kwa watu wengi hushuka kidogo tu. Kwa mtu kama wewe, ambaye dawa tatu hazijamtosha, huenda ikashuka zaidi. Kama itakukinga na kiharusi au mshtuko wa moyo, siwezi kukuahidi, mzee. Wanaolichunguza jambo hilo bado hawajakubaliana. Na vidonge huachi. Na uivae kila unapolala, siyo siku unayojisikia."

Alikuwa mtu wa kwanza mjini, kwa muda mrefu, kukataa kuniahidi kitu. Wakati huo hata wauza magodoro walikuwa wakiahidi uponyaji. Nilimwamini kwa sababu hiyo.

Asubuhi ya kwanza niliamka kichwa changu kikiwa chepesi, nikasoma gazeti lote pamoja na matangazo ya zabuni. Mke wangu ndiye aliyekuwa na macho mekundu. Alikuwa amekaa kitandani muda wote akinitazama, kwa sababu hakuna kelele wala ukimya wa kawaida uliomjia, na alidhani nimekufa kwa njia mpya.

Wiki chache baadaye presha ilikuwa imeshuka. Nilijisikia mzima, na hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao ningemfukuzia kazi mwalimu yeyote. Tulikwenda nyumbani Kilimanjaro kwa Krismasi, kama Wachagga wote wenye nauli, na niliiacha mashine kabatini Njiro. Sababu yangu ilikuwa moja: nyumba ya ukoo ilikuwa imejaa, tungelala watu wazima kadhaa chumba kimoja, na sikutaka mjomba wala mkwe anione nikiwa nimefungwa mpira puani kama rubani aliyestaafishwa kwa nguvu. Tulikaa wiki tatu. Tuliporudi nilikwenda kliniki nikiwa nimevaa koti, na daktari aliponiuliza kama naitumia mashine nilijibu kwamba naitumia vizuri. Mke wangu alitazama dirishani.

Sikujua kwamba mashine ina saa yake ya ndani. Daktari alikuwa ameagiza niilete. Aliigeuza, akasoma namba ndogo iliyokuwa chini, akalinganisha na daftari lake.

"Mzee," alisema, "shule hii ilifungwa wiki tatu?"

Nilikuwa nimewaadhibu walimu kwa kujaza mahudhurio ya watoto ambao hawakuwepo. Presha ilikuwa imerudi pale ilipokuwa kabla ya mashine, na mchoro wa moyo ulionyesha mapigo yaliyopotea mpangilio hapa na pale. Daktari hakunikaripia. Alivua miwani.

"Nakupa miezi mitatu. Kila mwezi niione saa ya mashine. Ukiitumia kwa ukweli na presha isishuke, nitajua ni jambo jingine, nami nitalitafuta. Usipoitumia sitajua chochote, nitakuongezea dawa kwa kubahatisha, na moyo wako hautangoja mpaka aibu yako iishe. Nimeeleweka?"

"Umeeleweka."

Katika mwezi wa pili wa adhabu hiyo ndipo ilipoundwa kamati ya mazishi yangu.

Chanzo kilikuwa usafi. Barakoa na mpira wake huoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa vikauke, na mke wangu, ambaye haamini kitu kisichopigwa na jua, alivianika kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba. Jirani wa ukuta wa mashariki aliviona. Akamwambia dereva aliyekuwa akimpeleka mjini kwamba mzee wa hapa amewekwa kwenye oksijeni. Dereva alinunua plagi dukani kwa mdogo wangu Kaloleni. Mdogo wangu alikuwa amenunua simu ya mkononi mwezi uleule na alikuwa na hamu ya habari ya kuipigia. Kufika jioni, Kilimanjaro walikuwa wanajua kwamba sitambui watu.

Kwa wasiotufahamu, ni lazima nieleze kwamba sisi hatuwezi kufanya jambo bila kamati. Mtu hazaliwi, haoi wala hafi bila mwenyekiti, katibu na wajumbe. Kifo nacho kina ratiba yake ngumu: marehemu hawezi kuzikwa mjini, ni lazima arejeshwe kihambani, kwenye migomba ya baba yake, na safari hiyo inahitaji magari, turubai, wapishi na mtu wa kwenda kuangalia barabara. Kwa hiyo mtu mwenye busara huanza mapema. Ndugu zangu walikuwa na busara kuliko kiasi.

Walifika Jumamosi, saa nne asubuhi, kwa magari mawili. Mimi nilikuwa juu ya ngazi nikikata michongoma. Mdogo wangu aliteremka wa kwanza, akiwa ameshika leso, shingo yake pana ikiwa imebanwa na tai nyeusi.

"Kaka! Umetokaje kitandani?"

"Kwa miguu."

"Nani amekuruhusu?"

"Vua hiyo tai uitundike, kuna joto," nilimwambia. "Karibuni."

Nyuma yake alishuka mkewe, kisha binamu yetu aliyekuwa karani wa ushirika na ambaye ndiye katibu wa kudumu wa mambo yote, kisha shemeji yetu mkubwa, mjane wa kaka, akiwa amekumbatia chombo cha mtori alioupika mwenyewe. Mtori ni supu ya ndizi tunayompa mzazi na mgonjwa. Aliponiona juu ya ngazi alisimama, akatazama chombo, akanitazama mimi, kama mtu aliyeleta barua kwenye nyumba siyo.

Nilimnyooshea mkono katibu. Alinipa daftari lake bila kufikiri, kwa kuwa makarani wa kizazi kile walikuwa wamezoea kumpa mkaguzi yeyote madaftari. Nilisoma nikiwa bado na mkasi wa michongoma kwapani. Ajenda ya kwanza: kufungua kwa sala. Ya pili: taarifa ya mgonjwa. Ya tatu: kumrejesha nyumbani. Ya nne: mashine, izimwe lini, na nani.

"Taarifa ya mgonjwa imetolewa na nani?"

"Mimi," alisema mdogo wangu.

"Wewe umeipata wapi?"

"Kwa mteja."

"Mteja alimwona mgonjwa?"

"Aliambiwa na jirani yako."

"Jirani aliona nini?"

"Mpira wa oksijeni."

"Aliuonea wapi?"

Alikohoa. "Kwenye kamba ya nguo."

Wote waligeuka. Ulikuwepo, katikati ya shuka na suruali yangu ya kaki, ukidondosha maji.

"Umepata kuona mahututi," nilimwuliza, "ambaye oksijeni yake imeanikwa?"

"Kaka, sisi tulikuja kwa upendo."

"Na tai."

Kamati yetu haivunjwi kwa sababu ndogo kama mgonjwa kuwa mzima. Waliingia sebuleni, wakakaa, wakasali, na baada ya sala mdogo wangu akaifanyia ajenda ya nne marekebisho. Kwa kuwa mimi si mahututi, alisema, basi mashine ndiyo itakayonifanya niwe mahututi.

"Mimi ni mtu wa injini," alisema. "Kitu ukikisaidia sana kinazembea. Moyo ukishazoea kusukumiwa hewa unakuwa mvivu, siku umeme ukikatika unasimama. Na umeme wa nchi hii mnaujua."

"Mashine haigusi moyo," nilisema. "Inashikilia koo lisizibe. Moyo unafanya kazi yake mwenyewe, isipokuwa haushtuliwi. Umeme ukikatika naamka, nakasirika, basi."

"Watu wanasema inaleta upepo kifuani."

"Watu gani?"

"Inajulikana, kaka."

"Inajulikana" ni ndugu wa "inasemekana", ila amevaa suti. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini katibu alikuwa amekwisha kuandika pendekezo: mzee aache mashine, aende nyumbani mwezi mmoja, apate hewa ya mlimani, mizizi anayoijua shangazi yetu wa huko, na maombi. Mdogo wangu aliomba wanaounga mkono wanyooshe mikono. Mikono ilinyooka. Nakiri hapa jambo ambalo sikulikiri siku ile: moyoni mwangu nami niliunyoosha. Nilikuwa nimechoka kulala kama mtu wa maonyesho. Mwezi mmoja mlimani bila mpira, kwa uamuzi halali wa ukoo, daktari angemlaumu nani? Nilikuwa karibu kusema kwamba naheshimu sauti ya wengi.

Mke wangu alikuwa ameingia na sinia la chai. Aliliweka mezani.

"Sawa," alisema. "Mnaoizima mashine, pangeni zamu."

"Zamu ya nini, shemeji?" aliuliza mdogo wangu.

"Ya kukaa macho. Katibu, andika. Jumatatu nani, Jumanne nani. Mimi nimekaa miaka kumi na moja, nadhani nimemaliza kipindi changu." Hakupandisha sauti. "Mnasema mwezi mmoja mlimani. Nani atalala kando yake amsukume akinyamaza? Wewe? Maana ukipitiwa na usingizi, asubuhi usiniletee maneno."

"Shemeji, usichukulie hivyo."

"Nichukulie vipi? Tangu kitu hicho kije, nalala. Mnaniona nimenawiri mnadhani ni Njiro. Ni usingizi. Na mzee huyu," akanielekeza kwa kidole bila kunitazama, "tulipokwenda Krismasi alikiacha kabatini kwa kuwaonea aibu nyinyi, mimi nikarudi kazini. Wiki tatu. Mlikuwa mnakula nyama, mimi nahesabu."

Nilitazama chini. Hakuwa amenilalamikia hata neno moja kuhusu zile wiki tatu.

Ndipo mjane wa kaka aliposema. Alikuwa bado ameshika kifuniko cha chombo chake.

"Mimi nilipitiwa."

Hakuna aliyeelewa mara moja.

"Siku ile tulikuwa tumeshinda tukichuma kahawa. Nilikuwa namsukuma kila siku, yule. Kila siku. Siku ile nikasema nijinyooshe kidogo. Nilipoamka kulikuwa kumekucha na alikuwa amenyamaza." Alifunika chombo, akafunua tena. "Mkaja mkasema amelala kama mtoto. Nikasema ndiyo."

Miaka tisa alikuwa ameubeba ukimya huo peke yake, katikati ya watu wanaomsifia uzuri wa kifo. Najua vizuri kwamba maneno yake hayakuwa ushahidi. Daktari wangu asingekubali kutaja kilichomwua mtu asiyemchunguza. Huenda kaka alikufa kwa jambo lingine kabisa, na nilimwambia shemeji hivyo siku nyingine, tulipokuwa wawili, kwa sababu alistahili kuambiwa. Lakini pale sebuleni sikurekebisha kitu. Mke wangu alikwenda akaketi karibu naye, wakashika kifuniko kile wote wawili.

Katibu aliuliza kwa sauti ndogo kama ajenda ya nne ifutwe. Nilimwambia aifute kwa mstari mmoja ulionyooka, na chini yake aandike kwamba mzee ataendelea na mashine na kwamba akienda mlimani itakwenda naye, mbele ya mjomba na mbele ya mkwe.

Mtori hauwezi kurudishwa ulikotoka, kwa hiyo tuliula. Mdogo wangu alikula bakuli mbili, akahamia kwenye kiti changu cha mikono, akasema anafumba macho dakika moja. Ilikuwa saa saba mchana, jua limejaa sebuleni. Alianza taratibu, kama lori linalotafuta gia, kisha akakolea mpaka vijiko vikatikisika sahanini. Watu walicheka. Binamu alisema hilo ndilo duka la vipuri lenyewe. Halafu akanyamaza.

Kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka, lakini hapakuwa na hewa iliyopita. Kilivuta, kikavuta tena, kama mtu anayesukuma mlango uliokomewa. Kicheko kilikwisha. Nilikuwa nimesoma kurasa nne za mistari kuhusu jambo hilo na nilikuwa nimejibishana na wenye elimu kulihusu, lakini sikuwa nimeliona. Midomo yake ilibadilika rangi. Nilijikuta nami nimeacha kupumua nikimngojea. Mkewe alikuwa amekwisha kusimama, mkono ukiwa hewani, na nikagundua kwamba hakushtuka: mkono ule ulijua njia. Hata hivyo mjane ndiye aliyefika kwanza. Alimshika bega akamtikisa kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

Mdogo wangu alizinduka kwa mkoromo mmoja mrefu, akatutazama mmoja mmoja.

"Tumefikia ajenda gani?"

Mkewe alimgeukia mke wangu.

"Huyo daktari wenu anaonwa siku gani?"

Jumatatu tulikuwa wanne kliniki. Mimi niliitwa kwanza. Daktari aliisoma saa ya mashine, akatikisa kichwa kwa kukubali, akanifunga kitambaa mkononi mara mbili. Presha ilikuwa imeshuka tena. Si kwa kiasi cha kumfanya mtu apige vigelegele, alisema, lakini kwa kiasi cha kutosha asiniongezee kidonge cha nne. Niliuliza kuhusu moyo. Alisema kipimo hicho tutakirudia baadaye, na kwamba hataki kusema asichokiona. Nilimshukuru.

Kisha akaitwa mdogo wangu, na mkewe akaingia naye ingawa yeye alimwambia angoje nje. Mlango wa chumba kile ulikuwa wa mbao nyepesi za miaka ile. Nilimsikia daktari akiuliza analalaje. Nilimsikia mdogo wangu akijibu kwamba, kwa kweli, katika mambo yote, hilo halijawahi kumpa shida. Baada ya hapo ilifuata sauti ya mkewe, nayo iliendelea kwa muda mrefu sana.